Jozi

Siku tano za juma, hotelini Tbilisi,
navaa shati jeupe, nafunganisha ndoa za mezani:
samaki huyu na mvinyo ule mkavu,
jibini la mbuzi na huu unaonukia pea.
Wageni wananusa, wanatikisa kichwa, wanalipa.
Wapishi wananiita Natela wa Jozi.
Jumamosi nashuka kijijini na begi la nguo chafu,
na ubingwa wangu wote unaishia getini.

Baba hachomi nyama kwa mkaa wa gunia.
Tangu Machi amefunga mafungu ya matawi
aliyopogoa mzabibuni, yakakaukia darini,
membamba, yenye vifundo, vidole vya Bibi Tsiala.
Ukiyagusisha kiberiti hayabembelezwi:
mwali mrefu, kelele kidogo,
kisha makaa madogo madogo, mekundu,
ya kuchoma nyama upesi na kufa.
“Mmea mmoja,” husema baba, “unapika na unanyweka.
Nyinyi huko mlisomea nini miaka miwili?”

Nyama ya nguruwe, chumvi, basi.
Vitunguu vibichi vinangoja kwenye sufuria,
na komamanga ambalo nitalikamua mwenyewe
mpaka kiwiko kiwe chekundu.
Mama anapaka bilingani jozi zilizosagwa,
jozi za sokoni, za kupimiwa kwa kilo,
anazitia kitunguu saumu na hasira kidogo,
maana mti wa jozi tunao.

Umesimama pale, mpakani.
Babu aliupanda kabla ya ua, kabla ya mpaka.
Miaka minane iliyopita akaja mpimaji na kopo la rangi,
akachora mstari katikati ya shina:
nusu ya baba, nusu ya mdogo wake, Gocha.
Tangu siku ile hakuna aliyeinama kuokota.
Wamerithi kunguru.

Mimi najua mvinyo wa kondoo, wa uyoga,
hata wa pilipili, ambao wengi huukosea.
Lakini ugomvi wa ndugu wa tumbo moja
unanyweshwa nini, na kwa baridi ya nyuzi ngapi?
Darasani hawakufika huko.

Upepo ukageuka.
Moshi ukaruka ua bila kupiga hodi.
Upande wa pili mtu akakohoa,
akakohoa tena, kwa ukali sasa, kisha:
“Unaigeuza mapema! Kila mara unaigeuza mapema!”

Baba akabaki na mshikaki hewani
kama mtu aliyeitwa kwa jina la utotoni.
Mama akaacha kisu.
Mafuta yalidondoka, makaa yakafoka.
Nikahesabu: maneno sita, miaka minane.
“Basi njoo uigeuze wewe,” baba akaiambia nyama.

Hakuja. Msidhani alikuja.
Ulikuja mkono tu, juu ya ua,
na chupa ya plastiki iliyokuwa ya soda,
imejaa mvinyo wa mtungi wake, ule uliozikwa chini
kwenye kibanda ambacho sijaingia tangu nisuke nywele.
Bibi ndiye aliyeinuka kuipokea,
akarudisha mishikaki mitatu kwenye sahani ya maua,
ile ambayo hatutoi kwa watu.

Nikaumimina. Rangi ya kahawia, wa ukungu,
umetolewa mtungini kabla ya wakati wake,
vuguvugu kama maji ya kuogeshea mtoto.
Hotelini ningeurudisha kwa aibu.
“Haya, bingwa,” Bibi akaniuliza, “jozi yake nini huu?”
Nikaonja. Nikaonja tena.
Nikaomba wanipe muda.

Juu ya bati kitu kikagonga, ko,
kikaviringika, kikaanguka nyasini;
upande gani, hakuna aliyetazama.
Baba akanywa mpaka chini, akakunja uso,
akapangusa masharubu kwa mgongo wa mkono.
“Umechacha,” akasema kwa sauti,
kwa sauti ya kuvuka ua,
kisha akasogeza glasi yake kwangu,
bila kuniangalia, nimwongezee.